Kujenga dola huku saa inakimbia: mwongozo kutoka Kisumu

Jumamosi moja mpwa wangu alikuwa kwenye kompyuta yangu hapa Nyalenda akicheza Age of Empires II, gemu ya kujenga dola, nami nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Dakika ya 14 ya mchezo akapiga kelele: "Shangazi, nimevamiwa!"

Nilitazama kwanza juu ya skrini, kwenye mstari wa mali. Mbao 900 zimelala. Kando yake idadi ya watu imegota: 30 kwa 30. Nyumba zilikuwa zimejaa, na kwa zaidi ya dakika mbili hakuna mfanyakazi wala askari aliyezaliwa, ilhali mbao za kujengea nyumba nyingine zilikuwapo tele. Muda wote huo alikuwa msituni anamkimbiza skauti mmoja wa adui. Wapanda farasi walipofika walimkuta na watu walewale 30, na mwenzake alikuwa ameshapita 40.

Mpwa wangu anapenda kupanga. Mwachie gemu ya zamu atakaa nayo mchana kutwa na atakushinda. Ila saa ikianza kukimbia, mipango yote inamponyoka. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yake na wenzake wengi ninaokutana nao hapa mjini, kwa sababu naamini gemu zinazooanisha mambo haya mawili, dola pana na saa isiyongoja, ndizo tamu kuliko zote. Shida yake ni moja: mali adimu humo ni umakini wako. Dhahabu huchimbwa na chakula hulimwa, lakini macho unayo mawili tu, na hutazama mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Kwanza elewa umeingia kwenye ndoa ya aina gani

Gemu za kujenga dola huitwa 4X. Jina hilo lilitoka kwa mwandishi Alan Emrich mwaka 1993 alipokuwa akiieleza Master of Orion: kuchunguza ramani, kupanua mipaka, kuvuna mali, na kuwamaliza wapinzani. Civilization ya 1991 ni ya ukoo huo. Unacheza zamu yako, unafikiri hata nusu saa ukitaka, kisha wengine wanacheza zao. Ni kama bao: una kete 22 mkononi, unanamua moja moja, na hata mkiingia mtaji hakuna anayekunyang'anya nafasi ya kuhesabu mashimo. Wazee wa huku kwetu wanacheza ajua, jamaa yake bao, na mwendo ni uleule.

Ukoo wa pili ni wa papo kwa papo, uliopata sura yake kwa Dune II mwaka 1992. Huko wote mnacheza kwa pamoja. Ukinyanyua kichwa kufikiri, mwenzako anajenga.

Waliojaribu kuzioanisha ni wengi, na anayenifundisha zaidi ni Brian Reynolds. Aliongoza ubunifu wa Civilization II, iliyotoka 1996, kisha yeye na kampuni ya Big Huge Games wakatoa Rise of Nations mwaka 2003. Huyu alitoka kwenye zamu akaingia kwenye saa, na ukiitazama gemu yake unaona jinsi alivyouhurumia umakini wa mchezaji. Msitu hauishi miti, kwa hiyo huhitaji kuwahamisha wakata mbao kila mara. Raia asiye na kazi hujitafutia mwenyewe. Miji haiongezeki ovyo. Idadi yake inafungwa na utafiti wako. Kila dola ina mpaka unaoonekana, na jeshi la adui likiuvuka bila gari la mahitaji, askari wake wanaweza kupungua nguvu kidogo kidogo hata kabla hawajaguswa. Kazi za mikono zimepunguzwa, maamuzi yamebaki. Kila hatua iliyo hapa chini inafuata njia hiyo, isipokuwa sasa anayepunguza ni wewe.

Hatua ya 1: Chagua gemu kwa kutazama saa yake

Wengi huchagua kwa picha nzuri au kwa sababu rafiki ameisifu. Chagua kwa saa.

Kuna zile za saa ambayo unaweza kuisimamisha utakavyo unapocheza peke yako. Europa Universalis IV ya 2013 na Stellaris ya 2016 ziko hapa. Siku zinapita zenyewe, mwendo unauchagua kati ya ngazi kadhaa, na ukibonyeza kitufe cha nafasi dunia nzima inatulia.

Kuna zile za saa isiyongoja lakini yenye mwendo wa taratibu. Sins of a Solar Empire ya 2008 ni mfano bora ninaoujua. Meli huchukua muda kusafiri kutoka sayari moja hadi nyingine, na muda huo wa safari ndio wako wa kufikiri. Rise of Nations nayo iko huku, ingawa ina haraka zaidi. Age of Empires II ya 1999 iko ukingoni kabisa upande wa mbio, na ndiyo ninayoitumia kufundishia kwa sababu hesabu zake ni wazi.

Halafu kuna zilizogawa kazi: ramani ya dola kwa zamu, vita papo kwa papo. Huo ndio mtindo wa mfululizo wa Total War tangu Shogun ya mwaka 2000. Kama unatoka kwenye Civilization, anzia hapa, kwa sababu hofu ya saa utakutana nayo vitani tu.

Ushauri wangu kwa mtu wa Kisumu ni huu. Kama unachezea saiba, Kondele au mjini kati, ambako unalipia dakika, usianze na Europa Universalis. Kampeni yake inatoka Novemba 11, 1444 hadi mwaka 1821 na itakula wiki zako. Hiyo ni ya mtu mwenye mashine yake nyumbani. Saibani cheza mechi zinazoisha ndani ya saa moja. Na kama lapitopi yako ni ya mtumba, Rise of Nations ni nyepesi, itaibeba.

Hatua ya 2: Fikiri kabla saa haijaanza

Chukua daftari. Kabla ya kubonyeza kuanza, andika sentensi tatu: nitaishi kwa nini, nitapanda enzi (yaani kuingia zama ya juu zaidi ya mchezo) kwa ajili ya nini, nitapigana wapi. Tatu zinatosha, maana ya nne hutaikumbuka.

Tuchukue Wahabeshi, waliokuja kwenye Age of Empires II mwaka 2015 pamoja na Wamali na Waberberi. Wapiga mishale wao hufyatua haraka kuliko wa wengine, na kila wanapopanda enzi hupewa chakula 100 na dhahabu 100 za bure. Mpiga mishale mmoja anagharimu mbao 25 na dhahabu 45. Sasa tazama jinsi sentensi zinavyojiandika. Nitaishi kwa mbao na dhahabu, kwa hiyo chakula nitakachohitaji ni cha kuzalisha wafanyakazi na kupandia enzi tu. Nitapanda Enzi ya Ukabaila mapema, maana zawadi ya dhahabu 100 inanipa wapiga mishale wawili na chenji. Nitapigana kwenye mashamba ya mbao ya adui, kwa sababu mishale inawafikia wakata miti bila mimi kusogea karibu na kituo chake cha mji.

Umeshafanya fikra za gemu ya zamu, umekaa, hakuna aliyekuharakisha. Saa ikianza unatekeleza. Mchezo ukikulazimisha kubadili sentensi, badili moja, nyingine mbili ziache zilivyo. Nimeona vijana wakibadili zote tatu kwa sababu wamemwona mpanda farasi mmoja, na hapo mechi imekwisha.

Hatua ya 3: Jenga mdundo mmoja usiokatika

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika Age of Empires II mfanyakazi mmoja huzaliwa kwa sekunde 25 za saa ya mchezo, ambayo hukimbia kuliko saa ya ukutani, na anagharimu chakula 50. Kituo cha mji, jengo linalowazalisha, kisipolala, dakika 10 za kwanza zinakupa wafanyakazi 24. Kikilala sekunde 100, umepoteza wanne. Hao wanne hawafi mbele ya macho yako, kwa hiyo huumii. Lakini kila mmoja angekata mbao au kuchimba dhahabu hadi mwisho wa mechi, na anayekuzidi wafanyakazi wanne dakika ya 10 atakuzidi kikosi kizima baadaye.

Nyumba moja hubeba watu watano. Tano mara 25 ni 125. Basi maadamu ni kituo kimoja kinachozalisha, kila baada ya sekunde 125 lazima nyumba mpya iwe imesimama, na mfanyakazi mmoja huijenga kwa sekunde 25. Ndiyo maana mimi huhesabu kwa midomo ninapozalisha: mmoja, wawili, watatu, nyumba. Wanne, watano, na nyumba imeshaisha. Kambi ya askari ikianza kufanya kazi, nyumba zinahitajika kwa kasi maradufu, na hapo hesabu inakuwa: mmoja, wawili, nyumba. Mpwa wangu alinicheka kwa kunong'ona hivyo mbele ya skrini. Sasa naye ananong'ona.

Kila gemu ina mdundo wake na kazi yako ya kwanza ni kuutafuta. Katika Stellaris, inayoanza mwaka 2200, mapato huingia mwanzo wa kila mwezi. Basi tarehe moja ndiyo siku ya kutazama ghala, siku nyingine usihangaike nalo. Katika Rise of Nations mapato huonyeshwa kwa kila sekunde 30, na yana kikomo ambacho huinuliwa kwa utafiti wa biashara. Ukiona umegonga kikomo cha mbao, kuongeza wakata mbao ni kutupa watu. Mdundo ukiingia mwilini, hauhitaji tena kuufikiria, na umakini uliokombolewa unaurudisha kwenye sentensi zako tatu.

Hatua ya 4: Zungusha macho

Nenda Dunga adhuhuri umtazame mama anayekaanga samaki. Ana karai tatu jikoni, sufuria ya ugali pembeni, wateja wanadai chenji. Hatazami karai zote kwa usawa. Anajua ni samaki gani ataungua kwanza, anamgeuza, anapokea pesa, anarudi kwenye ugali kabla haujashika chini. Ana njia ya macho, na haikatizwi hata na mteja mwenye kelele.

Njia yangu ni hii. Ramani ndogo ya pembeni: kuna rangi ngeni? Mstari wa mali: kipi kimerundikana? Idadi ya watu: nafasi ipo? Kituo cha mji: kinazalisha? Wasio na kazi: wapo? Jeshi: liko nilipoliacha? Kisha narudi mwanzo. Mzunguko mzima usizidi sekunde 20, na popote macho yanapotua yasikae zaidi ya sekunde tatu au nne.

Mikono nayo isaidie. Herufi H kwenye kibodi hukurudisha kituo cha mji popote ulipo, na kitufe cha nukta hukuonyesha mfanyakazi aliyekaa bure. Vikundi vya jeshi vifunge kwenye namba kwa kushika Ctrl. Anayevuta ramani kwa kipanya kwenda na kurudi anatumia nusu ya umakini wake kwa usafiri tu.

Kitu kikirundikana, kisome kama habari. Mbao 900 zilizolala zinasema ama wakata mbao wamezidi ama majengo yamepungua. Mimi nikiona kitu chochote kimepita 400 bila mpango, natumia papo hapo au nahamisha watu watano.

Hatua ya 5: Kabidhi kazi za kurudiarudia

Weka alama ya kukusanyikia ili kila anayezaliwa aende moja kwa moja kwenye mbao au dhahabu bila wewe kumshika mkono. Panga kazi kwa foleni: jenga nyumba, kisha rudi kukata miti. Kwenye toleo la 2019 la Age of Empires II, mashamba yanaweza kujipanda upya na skauti kujizungukia ramani mwenyewe. Ruhusu yote mawili wakati unajifunza. Kwenye Sins of a Solar Empire meli hutumia silaha zake maalumu bila kuamriwa, na orodha ya dola nzima iko ubavuni mwa skrini, kwa hiyo unaweza kuagiza meli bila hata kuitafuta sayari.

Usichokabidhi ni mwelekeo: wapi pa kujenga mji wa pili, nani wa kupigana naye, lini kuacha. Wachezaji wa mbio hudharau msaada huu wakisema ni wa wasiojua. Sikubaliani nao hata kidogo. Kubonyeza kwingi si kujenga dola.

Hatua ya 6: Jifunze kusimamisha saa

Kwenye Europa Universalis IV unaweza kuitawala Kilwa tangu 1444. Nakusihi ujaribu. Kuna raha ya pekee kuona pwani yetu ikisimama kama dola kati ya dola, na unacheza ukijua kwamba katika historia Wareno waliiteka mwaka 1505. Una miaka 61 ya kujiandaa.

Anayeanza hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza husimamisha kila siku ya kalenda, na kampeni inageuka mzigo. Wa pili hasimamishi kabisa, na siku moja anagundua jimbo limeasi miezi mitatu iliyopita. Kanuni yangu ni kusimamisha kwa ajili ya kuchagua tu, kamwe si kwa ajili ya kutazama. Vita vimetangazwa, mfalme amekufa, mkataba wa amani uko mezani: simama. Kukagua ghala, meli na mpaka fanya saa ikienda, mwendo wa ngazi ya tatu wakati wa amani, ya pili wakati wa vita.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya ujumbe. Kila tukio unaweza kuliamuru lijitokeze na kusimamisha saa lenyewe. Mimi nimeweka hivyo kwa matukio machache tu: kutangaziwa vita, maasi, na mwisho wa kuzingira ngome. Tenga jioni nzima kwa mipangilio hii. Ni kama kuajiri askari wa zamu.

Hatua ya 7: Vita visikumeze

Mapigano yanapendeza na yanavuta macho, na hapo ndipo kituo cha mji hulala. Kabla hujagusana na adui, hakikisha kila jengo lina foleni ya kazi. Piga, tazama sekunde nne, rudi nyumbani ubonyeze mara moja, rudi vitani. Kama huwezi kufanya hivyo bado, basi pigana karibu na mpaka wako, au acha ardhi ikupiganie kama mipaka ya Rise of Nations inavyofanya. Kwenye Total War hili halikusumbui, dola inakungoja kwenye ramani.

Hatua ya 8: Stima ikipotea, endelea

Kisumu mvua ya jioni huja na radi, na stima hupotea katikati ya mechi. Washa kujihifadhi kwa mchezo kwa vipindi vifupi, na radi ikianza kunguruma karibu chomoa waya kabisa. Kisha toa maharagwe.

Mimi na mpwa wangu hufanya hivi. Yeye anakaa sakafuni na bakuli la maharagwe na kipande cha chaki, mimi nashika simu yenye saa ya kuhesabu. Kila sekunde 25 anatoa haragwe moja na kuliweka kwenye fungu analolitaja: chakula, mbao, dhahabu. Kabla ya kila la tano lazima awe amechora nyumba. Wakati huohuo mimi namuuliza maswali: "Adui ameonekana kaskazini, una mbao ngapi?" "Sentensi yako ya pili ilikuwa ipi?" Asipojibu kabla ya haragwe lijalo, tunaanza upya. Mara ya kwanza alifika haragwe la saba. Baada ya jioni nne kwenye mwanga wa taa ya chaji alikuwa anafika 24 na kujibu bila kutazama juu.

Hatua ya 9: Rudia kuitazama mechi uliyoshindwa

Age of Empires II huhifadhi mechi nzima. Ifungue, ongeza mwendo, na usitazame vita hata kimoja. Tazama kituo cha mji peke yake, kalamu mkononi, uandike kila sekunde kilipolala na macho yako yalikuwa wapi wakati huo.

Daftari la mpwa wangu liko hapa mezani. Ukurasa wa ile Jumamosi unasema: dakika 14, kituo kimelala sekunde 160, "nilikuwa msituni". Ukurasa wa juzi: dakika 14, sekunde 45, na chini yake ameandika kwa herufi kubwa, "NYUMBA YA SITA ILICHELEWA".